Mpini Ambao Sikuupitisha Motoni

Nilimwambia mama mkwe wangu kwamba macho yake yamekufa. Nilimwambia uani kwangu, Magomeni ya huku kusini, mbele ya majirani wawili waliokuwa wanachota maji, huku binti yangu wa miaka mitatu amevimba midomo, analia bila sauti kwa sababu kufungua mdomo kunamuuma. Sikumnong'oneza. Nilipiga kelele.

Chanzo ni kisu changu. Ni kisu cha kukunja, alikuwa nacho baba yangu mpaka anakufa. Makali yake yalifuliwa kutokana na kipande cha msumeno, na mpini wake ni wa mti wa mpera, umechanwa katikati ili makali yalale humo. Baba alikipachika kwenye mkunjo wa msuli wake akienda shambani. Alikatia vichipukizi vya mikorosho, alimenyea muhogo mbichi akautafuna hapo hapo, alinitolea miiba miguuni. Ukikiomba hakupi mkononi. Anakiweka chini, unakiokota mwenyewe. Alisema kisu kikipita mkono kwa mkono, ugomvi unapita nacho.

Mimi nakibeba kwenye mkoba. Nauza machungwa na maembe mabichi ya chumvi na pilipili karibu na shule, na hakuna kisu cha dukani kinachomenya chungwa kwa ganda moja refu kama hiki. Mume wangu hakukipenda tangu mwanzo.

"Mama watoto, hicho kisu kitamkata mtoto."

"Atakifunguaje? Mimi mwenyewe nakifungua kwa kucha na bismillahi."

"Haya. Mimi nimesema."

Na kweli hakikumkata. Mpaka leo makali ya kisu kile hayajamgusa.

Ijumaa moja niliona vumbi la mti linadondoka kwenye mpini. Wadudu wameanza kuutoboa. Baba alikuwa na dawa yake, na kila mtu aliyekulia kwenye mikorosho anaijua: unakamua mafuta ya maganda ya korosho mbichi, unaupaka mti, mdudu hasogei tena. Lakini mafuta yale yanaunguza. Yakikugusa ngozi mabichi, kesho una malengelenge. Kwa hiyo baba akishapaka alikuwa anaupitisha mpini juu ya makaa, taratibu, mpaka ile harufu kali iishe, kisha anauacha juu ya bati wiki nzima unakaushwa na jua. Nilimwona akifanya hivyo mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu.

Mama mkwe alikuwa amekuja kutoka kijijini kwake upande wa Mnazi Bay, amekuja na kiroba cha korosho zenye maganda. Nikachukua maganda kwake. Nikavaa mfuko wa plastiki mkononi, nikapaka. Jiko lilikuwa na sufuria ya maharage, na mimi nilikuwa nimechoka. Nikaufuta mpini kwa kitambaa, ukaonekana mkavu, nikatupia kisu kwenye mkoba. Moto, nikasema, nitaupitishia kesho.

Kesho yake nilikuwa nafua. Mtoto alikuwa ndani na bibi yake, na bibi yake alikuwa anaingia na kutoka, amechoma korosho uani kwenye bati lililotobolewa, anazibangua huku mikono imepakwa majivu, mafuta yasimuunguze. Nilikuwa nawasikia wanataniana.

"Mke mwenzangu, leo tunampikia nini mume wetu?"

"Chipsi!"

"Chipsi! Marehemu babu yako angetupa talaka wote wawili."

Jioni midomo ikaanza kuwa myekundu. Baada ya swala ya Isha ilikuwa imevimba, na pembeni malengelenge. Kwenye zahanati, nesi, binti wa bara, aliuliza kama ameungua na chai. Nikamjibu kwa ukali: "Hii siyo chai, dada. Hii ni korosho mbichi. Nimezaliwa nazo." Nilijiona mjuzi. Na kweli nilikuwa najua kitu kilichomuunguza. Ila sikujiuliza kimetoka mkononi mwa nani.

Asubuhi nikamkabili mama mkwe.

"Wallahi mwanangu, sijampa yenye ganda. Nilizompa nimezimenya mwenyewe, nimezitazama moja moja."

"Umezitazama na macho gani, mama? Macho yako yamekufa, na hutaki kusema!"

Alifunga khanga zake kwenye begi, akapanda bodaboda kurudi kijijini. Mume wangu alisimama mlangoni, hakumtetea mama yake wala mimi hakunizuia. Mezani mama mkwe aliacha chupa ya korosho alizobangua, kwa ajili ya mtoto. Niliimwaga jalalani.

Jumatatu nilienda kuuza. Nilimenya machungwa mpaka saa sita. Usiku kiganja kikaanza kuwasha, na Jumanne asubuhi nikaona malengelenge yamepangana kwenye kiganja changu cha kulia kuanzia kidole cha shahada mpaka gumba, pale pale ninaposhikia mpini.

Nilikaa kitandani nikakitazama kiganja. Kisha nikamuuliza mtoto, polepole, alichezea nini siku ile mama anafua. Akakimbilia mkoba wangu. Akatia kidole mdomoni akaniambia, "Simu ya babu." Kumbe alikuwa anakifanya kisu cha baba yangu ni simu, anakiweka sikioni, kisha anautafuna mpini. Ndoo nzima ya maembe niliitupa. Niliwawaza na watoto wa shule niliowamenyea jana yake, nikakaa ndani siku mbili nasubiri mzazi aje kunigongea. Hakuja mtu.

Hapo ningepiga simu. Sikupiga. Nilikaa kimya siku tisa, na haya ndiyo yanayoniuma kuliko mpini wenyewe. Aliyekuwa anapiga ni yeye, kila jioni.

"Mke mwenzangu anakula?"

"Anakula, mama."

"Midomo?"

"Inapona."

"Alhamdulillahi."

Nakata simu, nasonya, najisonya mwenyewe. Nilijiambia midomo ikipona kabisa nitasema. Ikapona. Nikajiambia nitasema akija.

Siku ya tisa alipiga, akauliza ya kila siku, kisha akasema: "Korosho nimeacha. Kiroba nimewapa watu. Na hawa wajukuu wengine nimewakataza wasinisogelee nikiwa jikoni. Labda kweli, mwanangu. Labda niliichanganya yenye ganda, sikuiona."

Yule mwanamke amebangua korosho tangu hajavunja ungo. Na mimi nilikuwa nimemfanya aiogope mikono yake.

Nilimwambia mume wangu ukweli usiku huo huo. Hakugomba. Alisema, "Kamwambie mwenyewe. Mimi sikupelekei." Kesho yake nikaenda. Nilimkuta kakaa kwenye mkeka anachambua kunde. Sikusalimia vizuri, maneno yakanitoka yote kwa mpigo: mafuta, mkoba, simu ya babu, kiganja. Nikatoa kisu nikakiweka chini mbele yake, kama baba alivyonifundisha.

Aliinama akakinusa bila kukigusa.

"Baba yako hakukufundisha moto?"

"Alinifundisha."

"Umejua tangu lini?"

"Jumanne ya wiki iliyopita."

"Na mimi nakupigia kila siku."

"Ndiyo, mama."

Nilitaka anitukane. Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa, ningeweza kulia kidogo nikarudi nyumbani. Alinyanyuka, akapaka majivu mikononi, akaokota kisu, akakigeuza juu ya makaa upande huu na upande ule mpaka moshi mchungu ukatutoa machozi wote wawili. Kazi ya Ijumaa ile, aliimaliza yeye. Kisha akakirusha juu ya bati la jiko lake.

"Kitakaa huko wiki nzima. Sikupi leo."

"Sawa, mama."

"Ukija kukichukua, njoo na mke mwenzangu. Na wale majirani zako waliokuwa wanachota maji, uwe umeshawaambia."

Leo ni siku ya tatu. Namenya machungwa kwa kisu cha dukani, ganda linakatika katika. Jirani mmoja nimeshamwambia, akacheka akaniuliza nilikuwa na wazimu gani. Wa pili nimemwona asubuhi bombani na ndoo yake, nikarudi ndani. Jioni naenda kumgongea.