Filamu ya Zainabu Kuhusu Baba Yangu wa Kambo

Ipo siku moja naikumbuka kuliko ninavyoikumbuka harusi yangu, mwanangu. Ndege walikuwa wameuvamia mpunga wetu kule Ozi, nami niko juu ya dungu, lile jukwaa la kulindia shamba, na teo la kurushia mawe mkononi, nawaamia, nawafukuza tangu asubuhi. Jua kali, lakini nimevaa shati la mikono mirefu la marehemu baba. Akapita Bi Habona, mkunga aliyenipokea siku niliyozaliwa, na kuni kichwani, akaniita nishuke ninywe maji. Nilipoinama kunywa, shati likapanda mgongoni.

"Mgongo una nini huo?" akauliza.

"Nilianguka dunguni, bibi."

Akanitazama vile wanavyotazama wakunga, yaani kama mtu anayesoma. "Watoto walioanguka dunguni nimewakanda tangu mamako hajazaliwa," akasema. "Tangu lini dungu likavaa mshipi?"

Basi nikuambie wewe nilichoshindwa kumwambia yeye. Baba yangu alikufa ningali mdogo, na mama akaolewa na mwanamume ambaye kijiji kizima kilimwita Baba Bakari, kwa jina la mtoto wa kiume aliyezaa na mama. Nje ya nyumba alikuwa mtu wa watu. Safu ya mbele msikitini, utani barazani, na kama jirani amefiwa basi yeye ndiye wa kwanza kushika jembe la kuchimba kaburi. Ungekutana naye ungetamani awe baba yako. Lakini siri ya mtungi aijuaye kata. Mlango ukifungwa alinipiga kwa maji yaliyomwagika, alinipiga kwa kucheka, na siku nyingine alinipiga kwa kuwa nimefanana na marehemu baba. Hilo la mwisho ningelirekebishaje?

Nilinyamaza, na usidhani ni woga peke yake. Chuoni, tulikosomea Kurani, tulifundishwa kwamba anayemsitiri mwenzake, Mungu naye humsitiri. Nikaichukua hiyo, nikaifanya ibada. Kila nilipovaa lile shati nilijiona mja mwema kabisa, pengine kuliko mwalimu wetu.

"Namsitiri, bibi," nikamwambia Bi Habona.

Yule mwanamke alitua mzigo wake wa kuni chini kwa kishindo, ndege wote wakaruka. Sijamwona amekasirika vile kabla wala baada. "Wamsitiri nani, weye? Sitara ni nguo, mwanangu, na nguo huvikwa aliye uchi. Hapa aliye uchi ni weye. Yeye kavaa, tena kavaa nguo yako!"

Hakungoja kesho. Alinishika mkono, tukapita katikati ya kijiji mchana kweupe, mpaka kwa wazee. Wakamwita Baba Bakari. Akakana, akaapa, akacheka kidogo kwa adabu kama ilivyo kawaida yake, nao wazee wakaanza kutazamana. Bi Habona akasema nikitaka nitageuka wauone mgongo, na nisipotaka neno lake linatosha, maana nusu yao waliokaa pale ni yeye aliyewakata vitovu. Likatosha. Mjomba wangu akaja kutoka Garsen kunichukua. Mama alinifungia nguo zangu kwenye leso, akaninong'oneza, "Nenda, usigeuke nyuma." Bakari alikuwa mdogo, ameshika pindo la nguo ya mama, ananipungia mkono kana kwamba naenda dukani.

Kwa mjomba nikasoma nilichowahi kusoma, kisha nikajifunza cherehani. Mwenye kovu usimdhani kapoa, kwa hiyo sitakuambia kwamba nilisahau. Nitakuambia kwamba niliishi. Ukiona watoto wa shule wanapita Garsen wamevaa sare zilizonyooka mabega, jua ni mkono wangu. Niliolewa na mwanamume mpole, nikazaa, nikalea, na nyumbani kwangu hakuna mtoto aliyeshtuka aliposikia mlango unafunguliwa. Najisifu, ndiyo. Nisipojisifu mimi unataka anisifu mbuzi?

Sasa nije kwa Zainabu, mjukuu wangu, maana huko ndiko ninakokupeleka. Yuko kidato cha tatu, na shuleni kwao wana chama cha filamu. Mwaka huu aliniuliza habari za mgongo wangu, nami nikamsimulia yote, sikubakisha. Akaandika filamu ya msichana anayekua chini ya baba wa kambo, wakaenda kuipiga kijiji cha Hewani, ukingoni mwa mto, kwa simu ya mwalimu wao. Shule yenyewe ni ya wasichana, basi baba wa kambo akaigizwa na binti mwembamba mwenye ndevu za masizi, kavaa kanzu ya mlinzi wa lango. Waliponionyesha kipande cha kwanza nilicheka mpaka nikajifuta machozi. Halafu yule binti akavua viatu mlangoni taratibu, akamwamkia jirani, akatabasamu, akafunga mlango. Zainabu hakuonyesha kipigo hata kimoja. Alituacha nje tunautazama mlango. Kicheko kikanikauka.

Habari zikafika Ozi, maana maneno yana miguu. Bakari akaja. Mama alikwisha fariki, na katika dunia hii nzima ndugu niliyebaki naye wa tumbo moja ni yeye. Chai niliyomwandalia hakuigusa.

"Dada, mnamvua baba nguo naye yuko kaburini," akasema. "Marehemu husemwa kwa mema. Filamu hiyo ikionyeshwa, mimi sina dada."

Mwanangu, usinione shujaa. Nilitaka kumwita Zainabu na kumwambia aache. Mtu wa umri wangu kubaki bila ndugu si jambo dogo. Lakini nikamwona yule msichana wangu anavyotembea siku hizi, kidevu juu, nikajua nikimzima nitakuwa nimemfundisha kuvaa lile shati. Nikamwambia Bakari, "Baba yako nimeshamsamehe, na namwombea. Ila sitamfichia tena. Kusamehe na kuficha si ndugu." Akaondoka bila kuaga, nami nikalia kama mtoto.

Siku ya kuonyesha, ukumbi wa shule ulijaa. Walikuwapo wazazi, walimu, hata akina mama wa Kiorma waliotoka kuuza maziwa sokoni. Nikageuka, nikamwona Bakari amekaa safu ya mwisho, kofia mapajani. Filamu ikaisha, hakuna aliyepiga makofi. Mama mmoja wa maziwa akasema taratibu, "Hii si mchezo. Hii kweli." Ndipo Bakari akainuka, akatembea mpaka mbele alipokuwa Zainabu. Nikafumba macho, nikijua analeta ugomvi.

"Mjukuu wangu," akasema, "kazi yako nzuri, lakini haijakamilika. Kuna mtoto mdogo wa kiume umemsahau. Dada yake alipoondoka, ule mshipi haukupumzika."

Miaka yote hiyo mimi nilidhani Baba Bakari hakuigusa damu yake mwenyewe. Miaka yote hiyo Bakari, kama alivyoniambia baadaye, alidhani akisema ataniharibia maisha yangu ya Garsen. Zainabu hakubabaika. Alimvutia babu yake kiti, akamkalisha mbele ya watu wote, akasema, "Basi tukae, babu, unieleze. Tutaipiga upya." Nimeona mengi ya kujivunia, mwanangu, lakini siku hiyo kifua changu hakikunitosha. Mjukuu wangu alimpa ndugu yangu kiti ambacho wazee wazima hatukuwahi kumpa.

Basi sikiliza nasaha yangu, nawe uichukue kama ilivyo. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mficha mpigaji huwaumbua watoto walio nyuma yake. Anayekuumiza ndani ya nyumba hana haki ya ukimya wako, hata awe amekulisha, hata awe amemwoa mama yako, hata awe maiti. Sema kwa mtu mzima mwenye masikio, na wa kwanza akiziba yake nenda kwa wa pili. Na wewe uliyekwisha kuwa mtu mzima, ukimwona mtoto kavaa mikono mirefu juani, usipite. Tua mzigo wako.

Mungu akujaalie mlango ambao watoto wanaukimbilia unapofunguliwa, na akupe ndugu wa kukaa naye umwambie yote wakati angali anasikia. Amina, mwanangu.