Ndege Wawili wa Nyamukau

Keti karibu, mwanangu, nikueleze kosa moja la ujana wangu ambalo mpaka leo namshukuru Mungu halikuishia pale nilipoliacha.

Nilikuwa msichana wa kwaya hapa Bunia. Fundi wetu wa nyimbo, Muzee Tabani, hakuzitoa nyimbo zake vitabuni. Alitupeleka kando ya mto Nyamukau kungali na umande, akatuketisha kimya. Katika matete walikaa ndege wawili. Mmoja alianza, mwenzake akamalizia, upesi hata ungeapa ni koo moja. Kwa sauti za ndege hao Muzee alitunga wimbo wa kushukuru mvua. Mimi nilipewa kuanza. Kumalizia alipewa Sifa, rafiki yangu tangu shule ya msingi. Watu walituita mapacha, ingawa kabila lake lilikuwa lingine.

Halafu vita ikaja. Vijiji vilichomwa, na mjomba wangu akauawa shambani kwake. Watu wakasema waliomuua ni wa kabila la Sifa. Hasira ni hasara, mwanangu. Inakutuma mbio, kurudi unarudi peke yako. Siku ya mazoezi nilisimama mbele ya wote nikasema, "Miye siimbi tena na mutu wa kwao."

Sifa alikaza kitenge chake, akatoka.

Muzee Tabani aliniita pembeni. "Mutoto yangu, Sifa aliua nani?"

Nikageuka niende zangu, akanishika mkono.

"Basi fwata yeye sasa, mbele ya jua kuingia."

Sikumfuata. Nilijiambia nitaenda kesho. Kesho yake risasi zililia mjini, na mimi na mama tukakimbia kwa miguu katika njia ya Komanda, godoro kichwani.

Tuliporudi, majuma mengi yalikuwa yamepita. Nyumba ya kina Sifa ilikuwa majivu, na majirani hawakujua lolote. Kwetu nako hakukukalika, tukakaa katika kambi ya wakimbizi karibu na uwanja wa ndege, chini ya turubai la plastiki. Sikuweza kuimba, hata wimbo wa kumbembeleza mtoto. Wanasema majuto ni mjukuu. Mjukuu huyo nilimbeba mgongoni kila siku.

Asubuhi moja nilikuwa katika foleni ya maji, dumu langu la maji, bido, tupu mkononi. Bondeni ndege wa aina ile ya mto Nyamukau wakaanza kuitikiana. Bila kukusudia nikaimba sehemu yangu, polepole, nikaishia ninapoishia siku zote. Nyuma yangu, katika foleni ileile, sauti ikamalizia.

Niliogopa kugeuka. Nilipogeuka, alikuwa Sifa, amekonda, lakini mzima. Nikaketi juu ya bido langu.

"Sifa, nisamehe."

"Lile neno liliniumiza sana, Adela," alisema. "Lakini ujue, kule Irumu mama moja wa kabila yenu ndiye alitufichaka mu nyumba yake, siye na batoto ba kwetu. Nitakuchukia namna gani? Simama. Maji imefika kwako, batu banangoja."

Nilijaza bido lake kwanza, kisha langu. Nilicheka huku nalia, na moyo ukarudi mahali pake.

Mwanangu, usimdai mtu damu ambayo mkono wake haukumwaga. Hasira ikikupanda, toka nje usikilize mto, upepo, ndege. Si kwamba wana akili kuliko sisi. Ni kwamba anayesikiliza hawezi kusema kwa wakati uleule, na neno likishatoka halina njia ya kurudi. Na ukikosa, nenda leo. Mimi nilingoja kesho, na kesho ikaja na bunduki. Nilirudishiwa rafiki kwa huruma tu. Wenzangu wengi hawakurudishiwa.

Mungu akupe ulimi ulio mzito kuumiza na miguu myepesi ya kuomba msamaha. Uzeeke pamoja na rafiki za ujana wako, na watoto wako wasijue kamwe njia ya kukimbilia. Amina.