Silabi Tatu

Miaka ile ya vijiji vya ujamaa, bendi isiyokuwa na wimbo wenye jina la mwanamke haikuhesabiwa bendi. Yetu ilikuwa ya vijana wa mashamba ya mkonge hapa Kilosa, nami nilipiga gita na kutunga. Nikamtungia mchumba wangu wa Chanzuru wimbo, nikaupa jina lake. Silabi tatu tu, zikakaa vizuri kwenye gita. Posa ilikuwa imeshapokelewa. Nilijiona mjanja kweli!

Wimbo ukashika. Wachukuzi waliuimba stesheni, na walevi kilabuni nao hawakubaki nyuma. Baba yake, mwalimu wa dini kanisani, akaniita. Nilimwamkia shikamoo mara mbili ndipo akaitikia marahaba.

"Jina la binti yangu linaimbwa kilabuni," alisema. "Liondoe, au usahau habari za ndoa."

Ningeweza kuacha kuupiga. Mungu wangu, jambo jepesi hivyo! Lakini watu waliutaka, na mimi kichwa kilishavimba. Nikatafuta jina jingine la silabi tatu, lolote tu, nikalipachika pale pale. Jumapili kwenye bugi, dansi letu la mchana, nikauimba. Sikuliona mlangoni lile gauni la kijani, alilovaa siku nilipoutunga. Mchumba wangu alikuwa amesimama pale akisikiliza.

Kesho yake alinikuta nikibadilisha nyuzi za gita.

"Baba alikwambia uondoe jina langu. Alikwambia utie la mwenzangu?"

"Ni jina tu," nikamjibu. "Nimelichagua kwa silabi."

"Kumbe na langu ulilichagua kwa silabi."

Nikainamia nyuzi zangu, na hapo ndipo nilipompoteza. Posa ilirudishwa wiki ile ile. Baadaye aliolewa Munisagara na fundi wa reli.

Mjini palikuwa na msichana mwenye hilo jina la pili, muuzaji wa duka la ushirika. Wenzake walimtania mpaka akaamini, akaja kuniuliza kwa haya kama wimbo ni wake. Nikasema ndiyo. Nilikuwa na uchungu, nilitaka mtu anitazame vizuri. Tukaoana.

Ni mke mwema, na naona aibu kuandika haya. Gita nililiuza zamani, lakini yeye akipepeta mchele huuimba wote, kisha hunitania: "Mzee, ulinipenda wewe!" Juzi aliniuliza alikuwa amevaa nini siku nilipoutunga. Ulimi ukateleza, nikamwambia gauni la kijani. Aliweka ungo chini, akafikiri, akasema hajawahi kuwa na gauni la kijani.