Fundi Anayepapasa Boneti Kabla ya Kusalimia

Saa moja asubuhi, kabla hata ya kuitikia shikamoo, Fundi Kiganja ameshaweka mkono juu ya boneti ya gari la spoti la manjano lililoegeshwa gerejini kwake tangu jana jioni. Anautuliza hapo, macho kayafumba.

"Nani kaliwasha?"

"Hakuna, baba," anajibu mwenye gari. "Ni jua tu hilo."

"Jua? Humu chini ya bati?"

Mwenye gari anarudi nyuma hatua moja. Si mtu baki huyu. Ni mkwe wake, mume wa binti yake wa pekee, na kazi ya ufundi alifundishwa na mzee huyuhuyu.

Fundi Kiganja, ndivyo mtaa unavyomwita, ana miaka 63 na analipwa ili ashuku. Anayetaka kununua gari la spoti lililokwishatumika humletea kwanza, amwambie limetembea kiasi gani kweli na injini imebakiza pumzi gani. Wiki nzuri hukagua magari matatu. Wiki mbaya hufagia gereji.

Ana masharti mawili. Injini aikute baridi, maana iliyopashwa moto huficha milio yake. Na dashibodi ifunikwe kitambaa asione kilomita, mpaka aandike makadirio yake kwa chaki sakafuni.

"Ukishaiona namba, macho yanaanza kuitetea," anasema.

Leo mnunuzi ni muuguzi mstaafu aliyekaa kwenye benchi, mkoba mapajani. Anataka kuweka kiinua mgongo chake chote kwenye gari hili, awakodishie maharusi.

"Tunasubiri ipoe," fundi anatangaza.

"Baba, mteja ana haraka."

"Haraka ya nani?" muuguzi anadakia. "Nimengoja miaka thelathini na minne, nitashindwa asubuhi moja?"

Basi wanangoja. Fundi anaingia ndani, anachungulia, anapapasa. Mpira wa pedeli ya breki ni mpya kabisa, lakini chuma chake kimelika pembeni. Kiti cha dereva kimeshonwa upya pale mtu anapoteremkia. Anaguna. Anainama, anaandika: 140,000.

Kitambaa kinaondolewa. Dashibodi inasema 41,000.

"Loo!" muuguzi anashika kifua.

"Nililinunua hivyohivyo, baba. Haki ya Mungu."

"Huenda. Na asubuhi ulilipasha moto kwa nini?"

Mkwe anakunja kile kitambaa.

Saa nne gari linawashwa. Valvu zinagonga ko-ko-ko kwa sekunde kama sita, kisha kimya. Fundi amegeuza sikio la kushoto. La kulia lina miaka miwili linamkimbia.

Kilomita laki moja na arobaini si aibu, anamweleza muuguzi. Injini ya spoti anayoijua yeye ilifika laki mbili na nusu, kwa sababu mwenyewe alibadilisha oili kwa wakati na hakuikanyaga kabla haijapata joto. Kinachomtisha ni namba ya uongo. Mkanda wa taimingi, ule unaofanya valvu na pistoni zipishane, hubadilishwa kwa kuhesabu kilomita.

"Ukiambiwa arobaini na moja elfu, utasema bado bado. Siku bibi harusi yumo ndani, mkanda unakatika, pistoni zinakumbana na valvu. Kwisha habari yake."

"Kama mgonjwa anayedanganya uzito," muuguzi anasema. "Dozi inakosewa." Anafunga mkoba, anaaga, anaondoka.

"Umenifedhehesha, baba," mkwe anasema, naye anaondoka.

Muuguzi hajui kwamba mwisho wa mwaka huu Fundi Kiganja alipanga kumkabidhi mkwe huyo funguo za gereji.

"Nina mtoto mmoja na sikio moja," anasema. "Nimwachie nani mwingine?"

Jioni binti anapiga simu. "Baba, hata mume wangu unamshuku?"

"Hasa mumeo."

Siku hiyo mzee hali chakula. Njia ya mwongo fupi, walisema wahenga, naye hutaka kucheka anapokumbuka kwamba hii imefupishwa kwa kilomita elfu tisini na tisa. Hacheki. Inamuuma, na anasema wazi kwamba inamuuma. Angekuwa mtu baki, angemfukuza na kumsahau, lakini huyu wataonana kila sikukuu.

Siku tisa baadaye lori la kuvutia magari linasimama getini. Mgongoni limebeba gari lilelile la manjano. Mkwe anateremka, uso umemsawajika. Kwenye kioo cha mbele amebandika karatasi: KILOMITA HALISI HAZIJULIKANI. MKANDA MPYA.

"Shikamoo baba. Nimelileta juu ya lori ili ulikute baridi." Anaonyesha injini kwa kidole. "Zile valvu nilizisikia mapema, ndiyo maana nikalipasha moto. Niliogopa utalikataa."

Fundi haitikii. Anapanda juu ya lori, anaweka kiganja kwenye boneti, anakiacha hapo kwa muda mrefu.

"Marahaba," anasema hatimaye. "Mpigie simu yule muuguzi, umsomee karatasi hiyo neno kwa neno."

Anatoa mfukoni kishada cha funguo tatu. Anazitazama. Anachomoa mmoja, wa geti, anampa.

"Na wa stoo, baba? Na wa ofisi?"

"Lete gari la pili," anasema mzee, akirudisha zilizobaki mfukoni. "Nilipapase."