Nyuzi za Banjo ya Abti Dahir

Sisi tuliokulia Garissa wakati lami ilikuwa ya barabara kubwa tu, vumbi tulilijua kwa ladha. Lilikuwa kwenye anjera ya asubuhi, kwenye chai ya maziwa ya ngamia, kwenye mbao tulizoandikia aya kule duksi, chuo chetu cha Kurani, na kwenye madaftari ya shule, ambako mwalimu wetu, mama mmoja wa kutoka bara, alichoka kutusahihisha kila tuliposema "benseli" badala ya "penseli". Tulitoka duksi tukaingia shule, tukatoka shule tukaenda kutazama mbuzi, na katikati tukapata nafasi ya kucheza shahi, mchezo wetu wa kete, mchangani kwa vijiti na mavi makavu ya ngamia. Hakuna aliyetuuliza kama tumechoka. Wanangu wao wakitoka sebuleni wakafika jikoni, tayari wanataka kupumzika.

Nyumbani kwetu kulikuwa na kitu ambacho majirani hawakuwa nacho, nacho ni banjo. Ilikuwa ya Abti Dahir, kaka wa mama yangu, aliyeipata Mombasa alipokuwa utingo wa lori la ng'ombe. Ilikuwa na nyuzi nne, shingo fupi, na ngozi ya mbuzi iliyowambwa juu ya duara la mbao. Ayeyo, yaani bibi yetu, hakuipenda hata kidogo. Alisema mwanamume wa haja hushika fimbo au tasbihi. Lakini hakuitupa nje, na sababu tuliijua sote.

Abti alikuwa na kigugumizi. Si kile cha kukwama mara moja kisha mtu akaendelea. Abti alianza neno, midomo ikatetemeka, mishipa ya shingo ikasimama, na kabla hajafika, mtu mwingine alikuwa ameshalimalizia. Kwetu sisi mwanamume hupimwa kwa maneno yake mbele ya watu, kwa hiyo hilo lilimuumiza sana. Dukani alikwenda kutaka sukari, mwenye duka akamkatiza na kumpa sabuni, naye akaichukua akarudi nayo nyumbani. Sabuni tulikuwa nazo tele. Lakini akiipakata banjo na kuimba, ulimi ulinyooka kama wa mtu mwingine.

Mwaka huo mama mdogo Sahra aliposwa na kijana wa Sangailu. Babu alikuwa ameshafariki, na Abti ndiye mtoto wa kiume wa pekee, kwa hiyo walii ni yeye. Walii ndiye anayetamka mbele ya sheikh na wageni kwamba amemwoza dada yake. Anaruhusiwa kumpa mtu mwingine amsemee, na wazee walishapanga kwamba binamu yao mwenye duka la nguo ndiye atakayesema. Hawakuwa na nia mbaya. Waliona wanamwokoa na aibu. Abti alikataa. Alikaa na mama yangu jikoni, na ilimchukua muda mrefu kulitoa neno lake.

"Baba angesema mwenyewe," alimwambia. "Nami nitasema mwenyewe."

Mbinu yake ilikuwa hiyo banjo. Kila alasiri alikaa barazani akayaimba maneno ya ndoa, polepole, uzi mmoja kwa neno moja, akikusudia kupunguza wimbo siku hadi siku mpaka yabaki maneno matupu. Sisi watoto tuliyashika kabla yake. Tulikuwa tunaozana nyuma ya zizi la mbuzi, tena kwa mahari ya kokwa za tende.

Basi nyuzi zikaanza ukorofi wao. Ule uzi mnene, uliozungushiwa waya mwembamba kuanzia juu hadi chini, ulianza kuota manyoya. Waya ulifumuka, ukamchoma vidole, halafu uzi mzima ukakatika. Alifunga mwingine, nao ukafumuka vile vile. Siku hizo nyuzi zilitoka Mombasa kwa mkono wa madereva, na dereva akisahau umekwisha. Abti alibakiwa na uzi mmoja wa aina hiyo. Ukikatika huo hakuna mazoezi, na pasipo mazoezi binamu ndiye atakayekaa mbele ya sheikh.

Kila mtu alikuja na dawa yake. Jirani alisema ni jua, kwa hiyo banjo ikahamishiwa ndani, karibu na mtungi wa maji. Fundi wa redio wa sokoni alisema nyuzi zimekazwa mno. Abti akazilegeza, sauti ikawa ya kusinzia, na manyoya yakaendelea kuota. Ayeyo alitusikiliza wote kisha akaguna. Yeye alikulia upande wa Tarbaj, akivuta maji visimani, na huko kamba ikianza kufumuka hupakwa mafuta ya mkia wa kondoo. Adhuhuri moja Abti alipolala, aliichukua banjo akazipaka nyuzi zote kwa mapenzi, bila kubana mkono.

Joto la Garissa nalo lilifanya kazi yake. Mafuta yaliyeyuka yakashukia kwenye ngozi, ngozi ikalainika, na vumbi la mtaa mzima likaja kukaa pale. Abti alipoamka na kuipiga, ililia kama mtu anayepiga kofi unga uliokandwa. Ayeyo akasema kwa kuridhika kwamba sasa haitakatika tena. Abti alifungua mdomo amjibu mama yake, neno likakataa katakata, akatoka nje bila viatu. Nilimwona akijifuta macho kwa ncha ya kikoi.

Mama yangu hakugombana na mtu. Alinyunyiza unga wa ngano juu ya ngozi ili unyonye mafuta, akaketi na nyuzi zilizokatika mapajani. Alizilaza sambamba. Zote zilikuwa zimefumuka mahali pamoja, kule juu ya shingo, uzi unapopita kwenye mfuo wa kipande kidogo cha mfupa.

"Hoyo," akamwita mama yake, "kule kisimani, kamba zikikatika mahali pamoja, mlitazama nini?"

Ayeyo aliziinamia nyuzi. "Tulitazama gogo inapopitia kamba," akasema. "Pengine gogo limeota meno."

Ayeyo alichomoa uzi wa pamba kwenye shela yake, akaupitisha kwenye ule mfuo, ukatoka umechakaa. Ndani kulikuwa na ukingo mkali, na juu yake vumbi letu lilelile, linalosaga kama msasa. Basi tatizo halikuwa jua wala kukazwa mno. Mama aliomba kipande cha msasa mwororo kwa seremala, akakikunja, akasugua taratibu mpaka uzi wa pamba ukapita bila kuchanika. Kisha wakachukua penseli yangu, wakasaga risasi yake juu ya jiwe, wakaujaza mfuo ule unga mweusi ili uzi uteleze. Kesho yake nilichapwa shuleni kwa kukosa penseli. Uzi wa mwisho ulifungwa, na haukufumuka.

Siku ya ndoa wanaume walikaa kwenye mikeka baada ya sala ya alasiri, sisi na kina mama nyuma ya pazia. Binamu alikuwa amekaa ubavuni mwa sheikh, tayari kabisa. Sheikh alipouliza walii ni nani, Abti aliinua mkono. Banjo haikuwapo, bila shaka, lakini vidole vyake vilikuwa vinatembea juu ya goti. Alianza. Neno la kwanza likakwama, likakwama tena, na binamu akafungua mdomo.

"Mwacheni afike."

Alikuwa Ayeyo, nyuma ya pazia, kwa sauti iliyofika hadi mkeka wa mwisho. Binamu akafunga mdomo. Watu wote wale wakangoja. Abti alivuta pumzi, vidole vikarudi mwanzo, na akasema, neno moja moja, kwamba amemwoza dada yake Sahra kwa mahari waliyokubaliana. Bwana harusi akakubali. Mama yangu alilia, na mimi nililia kwa sababu yeye analia, na pia kwa furaha, sitaficha.

Sasa naishi Nairobi. Ukitaka nyuzi leo unaagiza kwa simu, kesho ziko kwenye basi. Harusi zetu zina spika kubwa kuliko mlango, na kila mtu anasema upesi. Abti amezeeka, yuko palepale Garissa, na hunitumia ujumbe wa sauti kwenye simu. Ni mrefu, wallahi. Juzi nilimkuta kitinda mimba wangu, Bilal, akiusikiliza mmoja kwa mwendo wa mara mbili, Abti analia kama kifaranga. Aliniambia anaokoa muda, tena ni salamu tu.

Nilichukua simu nikaenda kukaa kibarazani, nikauanza upya kwa mwendo wake mwenyewe. Kweli zilikuwa salamu tu. Alikuwa anawaulizia wanangu, kila mmoja kwa jina lake, na jina la Bilal, linaloanza na herufi inayomtesa kuliko zote, alilirudia na kulirudia mpaka likatoka.