Baka Jeupe kwenye Kasha la Bibi

Juzi nilimwaga mafuta ya nazi jikoni. Hilo si habari. Mimi nikimaliza wiki bila kumwaga kitu, nyumbani wananiuliza kama naumwa. Lakini safari hii yalimwagikia kwenye majivu yaliyopoa, pembeni ya mafiga, na ile harufu iliyopanda, nzito, tamu kidogo, yenye moshi wa zamani ndani yake, ilinikalisha chini na upawa mkononi. Mwanangu akaniuliza, "Mama, vipi?" Nikamwambia nimekumbuka harusi. "Ya nani?" "Ya kasha," nikasema, akaenda zake. Ameshanizoea.

Nyinyi msiende. Kaeni niwaeleze.

Nilikuwa mtoto wa ndani. Binamu zangu tulioishi nao pale Kilindoni walirudi kila jioni na chumvi hadi kwenye nyusi, wakisimulia walikofika. Mmoja aliwahi kupakiwa gari hadi Ras Mkumbi, ncha ya kisiwa chetu, akauona mnara wa taa, na tulikoma naye kwa simulizi. Mimi safari yangu ndefu ilikuwa kutoka ukumbini hadi kisimani, na nikirudi nilihitaji kupumzika. Wakaniita mwari wa kujitakia. Bibi mzaa baba, Bi Hadija, yeye aliniita mke mwenzangu, kama mabibi wanavyowatania wajukuu zao wa kike, akaniweka kwenye mbuzi nikune nazi. Kukuna nazi nilikuweza. Ni kazi ya kukaa.

Chumbani kwa Bibi palikuwa na kasha la mvule alilorithi kwa mama yake, limepigwa njumu za shaba ubavuni, na kifuniko chake kimetiwa polishi hata ukikiinamia unayaona meno yako. Shangazi Zuhura, kitinda mimba wa Bibi, alipoposwa na watu wa Miburani, ikajulikana kuwa kasha litakwenda naye. Lakini kabla halijaenda, lingetazamwa. Wanawake wa upande wa bwana harusi huja kuangalia vyombo vya bibi harusi. Wanakunywa kahawa, wanakula visheti, wanasifu kwa midomo huku macho yanafanya kazi nyingine.

Na aliyekuwa akija kutazama ni Bi Salama, shangazi wa bwana harusi. Huyo mama, ilisemwa, aliwahi kuligeuza godoro la bibi harusi wa watu ili aone upande wa pili umeshonwaje. Bibi alimwogopa, ingawa asingelikiri hata kwa kuchapwa.

"Zuhura anakwenda kukaa ua mmoja na yule," alimwambia mama yangu. "Akipata la kusema leo, atamsema nalo mwanangu mpaka wajukuu."

Siku yenyewe mwanamke wa kupaka hina alichelewa. Wageni wangefika baada ya swala ya alasiri, na adhuhuri ilikwisha kupita wakati wanawake wa nyumba yetu, Bibi, Mama na Shangazi Zuhura, wakiwa bado na hina mbichi viganjani, nene kama tope la mikokoni. Mimi zamu yangu ilikuwa ya mwisho, kwa kuwa nazi za wali zilikuwa hazijakwisha.

Bibi akakumbuka kuwa nguo za bibi harusi hazijafukizwa. Akakichukua chetezo cha udi, chenye makaa yake mekundu, kwa ncha za vidole, viganja amevikunjua asiharibu hina. Kilikuwa cha moto. Chini pamejaa mikeka na mabakuli, kiuno hakitaki kuinama, vidole vinaungua. Akakitua mahali pa kwanza palipomkaribia.

Juu ya kasha.

"Dakika moja tu," alisema, akipuliza vidole. Nguo zilifukizwa, chumba kikanukia kama peponi. Chetezo kilipoondolewa, katikati ya kifuniko palibaki baka jeupe, la mviringo, lenye ukungu. Kasha lilikuwa limeota mtoto wa jicho.

Walisimama wote watatu wakilitazama, mikono juu, kama watu waliovamiwa na majambazi.

"Tutandike kitambaa," Mama akasema mwishowe. Vitambaa vya kufuma tulikuwa navyo, vyeupe, vya maua.

"Kitambaa!" Bibi akamgeukia. "Mkwe wangu, unataka tumwonyeshe pa kufunulia?"

"Basi tulipake dawa ya viatu ya kaka," Shangazi Zuhura akasema, machozi yako karibu. "Ile ya hudhurungi."

"Lipake, kisha ukaolewe na kiatu."

Halafu Bibi akanitazama mimi. Nilikuwa nimesimama mlangoni na machicha hadi kwenye viwiko.

"Mke mwenzangu, hebu nione mikono."

Nikaionyesha. Ndiyo mikono pekee ndani ya nyumba ile iliyokuwa haina hina.

Alinituma jikoni nichote majivu, si ya juu yenye vipande vya mkaa, yale ya chini yaliyolainika. Nikayachekecha kwa mtandio mkuukuu mpaka yakawa kama poda ya mtoto mchanga. Nikayachanganya na mafuta ya nazi kwenye kisosi, nikachovya kipande cha kanzu iliyochakaa ya babu. Nikaanza kusugua kama nilivyojua kusugua, yaani kama sufuria la ubwabwa ulioungua.

"Weee!" Bibi akaruka, mikono hewani. "Unaosha chungu? Mpake mtoto mafuta! Fuata nyuzi za mbao, nenda nazo zinakokwenda. Moto umeingia kwenye polishi, haujafika kwenye mti. Ukikwaruza utaufikisha wewe."

Nikapaka mtoto mafuta. Baka likawa la kijivu. Baya zaidi kuliko mwanzo, wenzangu, kama uso wa mtu aliyepata habari mbaya. Shangazi Zuhura akaenda kukaa kitandani akigeukia ukuta. Mama akaanza kusoma kitu kwa midomo tu. Mimi nilitaka kulia, lakini ningejifutia nini, na mikono ndiyo ile?

"Usisimame," Bibi akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo, sikuwahi kuisikia hivyo. "Endelea, mama."

Hakuniita mke mwenzangu. Hapo ndipo nikaogopa kweli, na hapo ndipo mkono wangu ukatulia. Nilikwenda na kurudi, kwenda na kurudi, bega linawaka, jasho linadondoka puani nalifuta kwa kilemba cha kanga. Ghafla nikaona mstari wa hudhurungi, mwembamba kama uzi, umejitokeza katikati ya ule ukungu. Halafu mwingine. Mbao ilikuwa inarudi kama mtu anayerudiwa na fahamu.

Ilibaki pete ya pembeni tu, ngumu, haitaki. Na vigelegele vikaanza kusikika njiani.

"Wamefika!" Mama akasema.

"Wapokee ukumbini. Waulize habari za kila mtu," Bibi akaamuru. "Na wa Miburani wote."

Mama akawauliza habari za watu waliokwisha kufa. Mimi nikaibembeleza ile pete mpaka ikakubali, nikafuta kwa kitambaa kikavu, nikainama. Nikayaona meno yangu yakinichekea.

Bi Salama aliingia na kanga mpya, bado ina ugumu wa dukani. "Shikamoo," nikasema. "Marahaba," akajibu, macho yako kwenye kasha. "Mmeliacha wazi?"

"Tulifunike lina nini?" Bibi akasema.

Bi Salama akapitisha kiganja juu ya kifuniko, polepole. Akanusa kidole. Akakitazama chetezo kwenye kona, akaitazama mikono ya Bibi, kisha yangu. Nikaificha nyuma. Akakifuta kidole chake kwenye ile kanga mpya, akageukia wenzake na kupaza sauti: "Kasha hili halina la kusemwa!" Nyumba ikapasuka kwa vigelegele. Nami nilipiga, tena vya juu kuliko wote.

Wakati wa kuaga alimwinamia Bibi. "Huyo fundi wako mniletee Ijumaa. La kwangu lina kitambaa tangu nikiwa bibi harusi." Na Ijumaa ile mwari wa kujitakia alitoka nje mchana kweupe, akaenda Miburani na kisosi chake, binamu wanamfuata nyuma kumbebea majivu.

Lakini nilimshangaa Bi Salama. Nilimwambia Mama yule mgeni mchafu, anafutia majivu kwenye nguo ya shughuli. Nimekuwa mtu mzima, nimeshaitwa kutazama vyombo vya watoto wa watu, ndipo nikaelewa. Neno alilolifuata kwetu alilipata. Lilikuwa pale kwenye ncha ya kidole chake, linanuka mafuta na majivu, na ukumbi mzima ulikuwa unamngojea aliseme. Akalifutia kwenye kanga yake mwenyewe. Saa ile ile, kabla hata ya kuolewa, Shangazi Zuhura alikuwa amekwisha kupata mama wa pili ndani ya ua ule.