Kisiwa Kisichokuwa na Watu

Ilianza Jumapili, saa tisa na robo alasiri, theluji ya mwezi wa tatu ikiyeyuka na kudondoka kutoka paani, na sombe, mboga yetu ya majani ya muhogo, ikiwa bado inatoa moshi kwenye sahani ya babu.

Namwita babu, lakini si babu yangu. Ni mzee wa Kimarekani anayekaribia miaka mia, anaishi kwenye nyumba ya wazee huko Maplewood, na mama yangu ndiye anayemwogesha na kumlisha. Mwaka jana mama alianza kunichukua siku za Jumamosi kwa sababu nyumbani nilikuwa sisemi na mtu. Shuleni ndiyo kabisa. Mimi ni yule msichana ambaye mwalimu akimwita, darasa zima linainama kusikiliza, halafu wanasikia pumzi tu. Lakini babu hasikii vizuri. Ukimnong'oneza anakuuliza, "Mjukuu, betri zimeisha?" Ikabidi nipaze sauti. Nilimsomea gazeti kwa kelele mpaka wazee wa vyumba vya jirani wakawa wanajua matokeo ya mpira kabla ya kuwasha televisheni. Sauti niliyo nayo niliipata kwake. Naliandika hilo kwanza, maana yanayofuata nayaandika kwa hasira.

Kwenye Vita vya Pili vya Dunia babu alikuwa mtu wa kudondosha mabomu. Alikuwa analala kifudifudi kwenye pua ya ndege, nyuma ya kioo, bahari yote chini ya kidevu chake. Wanaruka saa nyingi bila kuona kitu, kisha kisiwa kinatokea, kidogo kama ukucha, na katikati mstari mweupe: uwanja wa ndege wa adui, umetengenezwa kwa matumbawe yaliyopondwa. Wanautoboa. Adui anafukia mashimo. Kesho wanarudi kuutoboa tena. Kila akisimulia na kufika pale mabomu yanapoachiwa, babu alikuwa anapiga kofi moja na kusema, "Na hakukuwa na mtu kule ila adui. Mchanga, na minazi imesimama kwa mistari kama mahindi yetu hapa."

Niliipenda hadithi ile. Mwalimu wa historia alipotaka kila mmoja wetu asimame mbele ya darasa na kitu alichokitengeneza, nikatengeneza kisiwa cha babu. Magazeti na uji wa unga. Koko, mama yake mama, ndiye aliyenipikia uji wenyewe. "Maisha yangu yote nimepikia watoto," alisema akikoroga, "kisiwa sijawahi." Bahari ilikuwa kipande cha kitenge chake cha buluu, uwanja ni chumvi, mashimo ni pini nyekundu. Minazi niliipanga kwa mistari, kama nilivyoambiwa. Sikujiuliza hata mara moja nani aliipanda.

Zamu yangu ilikuwa Jumatatu, na nilikuwa nimekubali kusimama. Mama akafurahi hadi akamwalika babu nyumbani kwetu Frogtown aje kula Jumapili ile. Binti yake, mama wa mvi tayari, akamleta na gari.

Sasa, koko hajui Kiingereza, na kwetu mimi ndiye mdomo wake. Kliniki, benki, kwa mwenye nyumba, nasimama katikati. Mama alinifundisha tangu nikiwa na miaka tisa: mtu mzima hapelekewi neno baya likiwa moto, lipooze kwanza. Kwa hiyo daktari akifoka, koko anapata salamu. Koko akimtukana daktari, daktari anapata shukrani. Tunaishi vizuri hivyo.

"Mwulize huyu mume wangu," koko alianza, "mbona amechelewa kuja kuniposa? Amengoja meno yaishe, yake na yangu?"

Nikamtafsiria babu kwa kelele. Akacheka hadi akakohoa. "Mwambie nilikuwa njiani, barabara ilijaa."

"Mwongo kama wanaume wote. Mwongezee samaki."

Halafu koko akakitazama kisiwa changu juu ya kabati. Akakitazama muda mrefu. Koko alizaliwa kwenye kisiwa kidogo cha ziwani, kule Kongo. Wapiganaji walikuja kujificha pale, ndege ikawafuata, na koko akalala kwenye matete na mama yangu mgongoni, akiwa mtoto wa miezi michache. Alipotoka hakukuta nyumba wala mdogo wake.

"Na wenye kisiwa?" akauliza. "Walikimbilia wapi?"

Nikatafsiri. Babu akajifuta mdomo. "Hakukuwa na mtu."

Binti yake akacheka, wala si kwa ubaya. "Baba! Hujamwambia habari za kijiji?"

"Hiyo si ya watoto."

"Ana miaka kumi na saba, baba."

Babu akanitazama kama mtu aliyepewa habari mpya. Hakupiga kofi. "Kilikuwa upande wa pili wa uwanja," akasema. "Nyumba za makuti, na kanisa moja la bati. Tulikuwa tunakiona kwenye picha kabla ya kuondoka. Adui alikuwa anawalazimisha wao kufukia mashimo. Sisi tunatoboa, wao wanafukia, tunatoboa tena wakiwa humohumo." Akachukua kijiko chake. "Vita, mjukuu. Watoto tunawapa ile nyepesi."

"Amesema nini?" koko akaniuliza.

Nikafungua mdomo. Mama, kwenye jiko, akasema kwa Kiswahili bila kugeuka: "Mwambie walihamishwa mapema."

Bila kugeuka. Mtu anayesikia jambo kama lile kwa mara ya kwanza hugeuka.

Na mimi nikasema. "Walihamishwa, koko. Mapema."

"Aksanti Mungu!" Akaushika mkono wa babu kwa mikono yake miwili. "Bon, vizuri. Mwambie mikono yake ni misafi, ale tena."

Nikalitafsiri na hilo, kwa sauti ile ile aliyonifundisha babu. Babu akaacha kutafuna, akanitazama. Kisha akala.

Walipoondoka nikamfuata mama kwenye vyombo.

"Ulijua."

"Tangu nimeanza kumwogesha. Akiingia kwenye maji anasema yote."

"Ukaniacha nikamjengea kisiwa."

"Ulikuwa unaishi kwa kutikisa kichwa, mwanangu. Unapata mtu mmoja wa kuongea naye, halafu mimi nikunyang'anye?"

"Na koko je?"

"Koko amebakiza usingizi wa miaka mingapi?"

Babu alinidanganya kwa sababu mimi ni mtoto, mama kwa sababu ananipenda, lakini uongo wa mama haukupita mdomoni mwake. Ulipita kwangu. Koko aliushika ule mkono kwa sababu yangu mimi.

Asubuhi nilimkuta koko ameamka kabla yetu sote, anakunywa chai ya rangi. Nikakaa, nikamweleza kila kitu kama babu alivyokisema: makuti, bati, kutoboa, kufukia. Sikupooza hata neno moja. Koko alikuwa anazungusha kikombe.

"Kwa hiyo nilimbariki bure," akasema.

"Ndiyo, koko."

Nilidhani atalia. Akavuta kisiwa karibu. "Uwanja ni huu? Na kijiji, upande gani?"

Nikamwonyesha. Akatoa katoni ya mayai kwenye pipa la taka, akachukua mkasi na kuanza kukata mapaa. "Kanisa liwe kubwa kidogo," akasema. "Watu wanakimbiliaga humo."

Mama akatoka na sare zake za kazi, akaona tunavyofanya, akasimama mlangoni na funguo za gari mkononi. "Atachelewa basi la shule."

"Na lichelewe," koko akajibu. "Gundi haijakauka."

Nilipanda basi nikiwa na kisiwa magotini, nyumba zake zikiwa bado mbichi. Mwalimu alipoita jina langu, darasa likainama kusikiliza, kama kawaida yao. Nikaanza na kijiji, kwa sauti ya kumsomea kiziwi gazeti. Wa mbele waliruka kwenye viti.